Uji wa Wimbi Ndani ya Eda

Kikoneni,
Kwale.
12 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Abdulaziz,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako naipokea kutoka huko Maskati, marahaba sana. U hali gani, na kazi yaendaje? Maimuna na watoto wazima? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, na eda yangu imebaki kama mwezi hivi. Barua hii nampa Swabir, mwenzako wa huko aliyekuja likizo, akuletee akirudi. Kwa simu nisingeweza kusema haya, nyumba imejaa wasikilizaji.

Nimesikia wifi Riziki amekupigia kunishtaki kwamba narudisha vyakula vya watu wanaokuja kunipa pole. Ni kweli. Mahamri narudisha, halua narudisha, chai ya sukari hata siionji. Kwake yeye, mjane anayechagua chakula hana uchungu na mumewe.

Sasa nisikilize na mimi. Ulivyoniacha, nilikuwa nashinda shambani. Tangu Chirau afariki, kazi yangu ni kukaa mkekani, na kila ajaye anakuja na sahani. Nilikula nisimvunje mtu moyo. Sukari ikapanda hadi macho yakaingia ukungu, ikabidi nitoke kwenda zahanati, na hilo nalo likasemwa.

Nesi akanishauri wimbi na mawele badala ya wali na unga mweupe. Asubuhi nanywa uji wa wimbi wenye ndimu, sukari hamna. Mchana ni sima ya mawele kwa mchicha na samaki wa kuchoma. Mwanzoni nilijidanganya nikaona hii ni dawa, basi nikawa najaza sahani mpaka juu. Kipimo kikaniumbua. Nesi alicheka, akaniambia hata unga wa wimbi una kiasi chake, na vidonge nisithubutu kuviacha.

Siku hizi napakua tonge chache, na nikimaliza kula nauzunguka ua mpaka miguu ipate joto. Riziki asema naranda kama mbuzi wa kamba. Acha nirande. Sukari imeshuka, na juzi nimetunga uzi kwenye sindano mwenyewe.

Na wewe unayeshinda kitini kulinda geti, Swabir kaniambia kitambi kimekutangulia. Kifurushi cha unga alicho nacho ni chako. Usiwagawie wenzako, ule.

Ninalokuomba ni moja tu: mpigie Riziki umwambie uko upande wangu. Wajua Chirau alivyokwenda. Sukari ilianza na mguu wake, kisha ikamchukua mzima, na hadi mwisho hakuweza kuikataa sahani ya mtu. Nilimpenda mume wangu, Abdulaziz, na bado namlilia. Lakini simfuati.

Nisalimie Maimuna, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Mola akulinde huko ugenini, akurudishe kwetu na afya yako.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mwanasha