Mwongozaji wa Filamu Zisizo na Maneno

Baba Akal,

Nimeenda Kakuma kwa kikundi chetu cha filamu. Githeri iko kwa sufuria. Mama yako ale kwanza, halafu dawa ya presha.

Leo kila mmoja wetu anachagua mwongozaji wa zamani wa Marekani wa kumchambua mwaka mzima. Mimi nachukua ~~yule wako wa farasi na bunduki~~ yule wa filamu zisizo na maneno. Asubuhi ulinicheka, eti sinema za mabubu. Iliniuma. Ulipotoka, mama yako alichungulia simu yangu nikitazama mojawapo, akacheka mpaka chai ikamwagika. Tangu masikio yake yazibe, sijawahi kumwona hivyo.

Kwa hivyo sibadilishi. Tableti iko hapa mezani. Jioni keti naye mtazame. Hutahitaji kumpigia kelele.

Mama Akal