Baiskeli ya Umeme ya Kigali, na Goti Lako

Kwako Baba Nabwire, hapo Burumba,

Mimi ni mzima, ni miguu tu. Wewe je? Kuku unawalisha ama wanajitafutia? Na usiniambie goti limepona. Dada yako alinipigia simu akasema unashuka baiskeli kama mtu anashuka mti.

Sasa sikia. Msichana wetu Nabwire alichoka kuniona hapa kwake nikiosha sufuria ambazo ni safi. Akanipeleka tuonyeshwe mji na baiskeli za umeme, sisi na wazungu wanne, na mwanaume mmoja mwembamba wa kutuongoza. Unajua mimi si wa kuendesha, ni wa kubebwa. Nikaketi nyuma ya huyo mwanaume, upande, vile tunakaa huko kwetu. Nikamwambia, "Twende boss."

Huu mji ni milima mitupu. Tukafika mlima wa kwanza, nikashuka nitembee. Si ndiyo heshima? Hata siku ulinitoa kwetu Sigalame na baiskeli, kila kilima nilishuka.

Mwanaume akasimama. "Mama, mbona unashuka?"

"Ndiyo usikufe."

"Hii inapanda yenyewe."

"Hata bwanangu husema hivyo, na sasa ako na goti."

Wa pili nikashuka. Wa tatu nikashuka. Wazungu wakawa wananingoja huko juu wakinywa maji, mmoja akanipigia makofi kama nimeshinda mbio. Nabwire akaficha uso. Afiche, nilimbeba mgongoni bila aibu.

Wa tano miguu ilikataa. Nikakaa. Baba Nabwire, hiyo kitu ilipanda na mimi na huu uzito wangu wote. Nikaweka sikio kwa mgongo wa yule mtu nisikie kama anahema. Hahemi. Anaongea mambo ya soko. Nikafikiria goti lako mpaka juu. Walidhani naangalia mji.

Miaka yote unavusha watu hapo mpakani na baiskeli, kwa nguvu ya miguu yako. Daktari alisema uache, ukajibu utaacha ukizikwa. Sasa Nabwire amekununulia moja kama hiyo, nakuja nayo. Inachajiwa kama simu. Alitaka akuulize kwanza, nikakataa, ungesema wewe si mgonjwa. Kwa hivyo hujaulizwa, umeambiwa. Wenzako wa stendi wakicheka, wacheke. Si wao hukukanda na maji moto.

Salimia dada yako, asante yake kwa kusema ukweli. Salimia jirani anayetukamia ng'ombe, na maji yabaki kisimani, si kwa maziwa. Dereva wa lori aliyekuletea barua hii mpe chai.

Nafika Ijumaa na basi. Usije kunichukua na baiskeli. Njoo kwa miguu, polepole, nione unavyotembea.

Ni mimi bibi yako,
Mama Nabwire