Nilishona Kijiti Kwenye Buluu

Ngenge, Jumapili. Mvua tangu alfajiri, chumba kinanuka nguo mbichi. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Ta Kaijage bado yuko mahabusu Muleba. Walimchukua Alhamisi, baada ya bendera kupanda mlingotini buluu ikiwa juu na kijani chini, mbele ya Katibu Tarafa aliyekuja kukagua kijiji chetu cha ujamaa. Watoto wangu wa shule walikuwa wameshaanza kuimba.

Mzee huyu ndiye anayepandisha bendera pande hizi tangu siku ya Uhuru. Ile ya kwanza, ya Tanganyika, alikuwa akiniambia huku anacheka, haikuwa na kichwa wala miguu: kijani juu, kijani chini, ukiigeuza ni ile ile. Ilipokuja hii ya Muungano akajiwekea kanuni moja. Haangalii rangi, anashika kijiti, kile kidogo kilichoshonewa kona ya juu ili kiingie kwenye kitanzi cha kamba. Kijiti kikienda juu, kazi imekwisha.

Alhamisi kijiti kilikwenda juu.

Mimi ndiye niliyekosea.

Upindo ulikuwa umechanwa na upepo, mwenyekiti wa kijiji akaniletea niushone, maana kwake yeye mwalimu wa kike lazima ajue sindano. Niliushona Jumatano harakaharaka, madaftari ya kusahihisha yakinisubiri, na kijiti nikakitia kona ya buluu. Akilini mwangu mbingu ilikuwa juu na majani chini. Na mimi ndiye ninayewafundisha darasa la tatu kila mwaka kwamba buluu ni maji! Maji ya ziwa hili hili nililolitazama utoto wangu wote kule Bilele.

Wangemsamehe, kama si habari ya kibanja, shamba lake la migomba. Mwaka jana, siku ya kuhamishiwa kijijini, Ta Kaijage alisema mbele ya watu kwamba migomba ya baba yake haiingii kwenye lori. Sasa wamelikumbuka neno hilo. Wanasema ameigeuza bendera makusudi, kuitukana serikali. Anayepiga kelele kuliko wote ni mwenyekiti, ambaye ofisini kwake bendera ya zamani ameitandika mezani, na birika la chai limeacha duara kwenye kijani. Hilo si tusi. Hicho ni kitambaa cha meza.

Ijumaa alinirudishia bendera niikague. Nilifumua kijiti nikakihamishia kwenye kijani hata kabla chai yangu haijapoa. Nikajiambia nasahihisha kosa. Uongo mtupu. Nilikuwa naficha kitu pekee ambacho kingemtetea.

Leo baada ya misa mkewe, Ma Kokuberwa, amekuja na ndizi kichwani, amelowa chapachapa.

"Mwalimu, wewe unajua Kiswahili cha ofisini," ameniambia. "Niandikie. Waambie mzee wangu macho yamechoka, wamsamehe."

Nimeandika. Kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni nimeandika "kosa lake", mara mbili. Akaniombea baraka, akaitia barua kifuani, akarudi kwenye mvua. Ndizi ziko pale mlangoni. Sina uso wa kuzimenya.

Kesho asubuhi nimepangiwa mimi kupandisha bendera mahali pa mzee. Mwenyekiti anasema safari hii wanataka mtu makini. Nilimshukuru. Naona aibu kuliandika neno hilo, lakini ndivyo nilivyofanya, nilimshukuru.

Matundu ya sindano bado yapo kwenye kona ya buluu. Nimeyapapasa sasa hivi kwa kidole. Mtu akionyeshwa atayaona, hahitaji kuwa fundi cherehani. Basi kesho sipandishi kitu. Nitaikunja bendera, nitadandia lori la Muleba, niwaonyeshe matundu na niwaambie mkono ni wangu. Waniachishe kazi wakitaka. Mzee arudi kwa mkewe.

Nimefungua kurasa za nyuma za shajara hii kuangalia tarehe.

Ijumaa niliandika: kesho nakwenda Muleba. Jana pia.