Damu Iliyokimbia Kwenye Mrija

Kilwa Kivinje,
14 Novemba 1957

Kwa Mama yangu, Mwahija binti Salumu, Rutamba.

Shikamoo Mama. Nakusalimu kwa adabu zote, na maringo kidogo. Goti lako linaendeleaje? Dada Sada je, amejifungua salama? Mimi leo ni mzima. Namwomba Mwalimu Damiani anayekusomea asiliruke hilo neno "leo", na asome mpaka mwisho.

Mama, mafua makubwa yamepita huku yakaulaza mji mzima. Shule iligeuzwa wodi, nami niliyeishia darasa la nne nikawa fundi mkuu wa damu Kilwa yote. Wa pili hayupo, kwa hiyo hakuna wa kubisha.

Kazi yenyewe ni hii: unamtoa mtu damu kidogo, unaijaza kwenye mrija mwembamba wa kioo, unausimamisha saa nzima. Wekundu unashuka, juu panabaki maji ya manjano. Ukishuka taratibu, hayo ni mafua matupu, atapona kwa uji. Ukikimbia, kuna ubaya kifuani, hata kama mwenyewe anacheka. Daktari alikuwa na penisilini ya watu sita tu, na mrija ndio uliomsaidia kujua nani achomwe kwanza.

Lakini watu walikataa. Walisema mimi mumiani, nawauzia Wazungu damu. Bi Mastura, muuza vitumbua, alinitangazia mbele ya umati kwamba mama yangu akiijua kazi hii atanikana. Nikamjibu kwamba mama yangu ataniuliza kwanza kama nimekula. Wakacheka, ndipo tukapatana: kila mtu aukodolee macho mrija wake mwenyewe, kisha apewe damu yake akaifukie kwa mkono wake nyuma ya shule. Na wa kwanza awe mtu wa hospitali, waone kama atakufa.

Huyo wa kwanza alikuwa mbishi kweli. Anakohoa, anasema ni vumbi. Akajitapa kwamba damu yake ya simba haitasogea. Mama, ilikimbia kuliko zote tulizopima baadaye! Nesi Stefania akamwamuru alale, mbishi akasema ana kazi. Stefania akamwambia, "Kazi yako imeshasema. Lala."

Jioni ile hakuweza kusimama. Alichomwa sindano siku nane, akiweweseka na kumwita mama yake. Bi Mastura ndiye aliyemnywesha uji, na alipopata nafuu, ndiye aliyetangaza sokoni kwamba kioo kilijua kabla ya mwili. Kesho yake foleni ilifika barabarani. Wagonjwa thelathini na wanne, Mama, na mashimo tuliyochimba yalikuwa ya damu tu. Hatukuzika mtu.

Sasa Mwalimu Damiani, mpokee Mama kikombe chake.

Mama, yule mbishi ni mimi. Uliniusia nisimpe mtu yeyote damu yangu. Nimeitoa, na nisingeitoa, leo ungesomewa barua ya mtu mwingine. Bi Mastura aliitunza kwenye chupa mpaka nilipopata nguvu, nikaifukia mwenyewe.

Wasalimie Dada Sada na majirani wote, hata wale walioniita mvivu. Mwezi ujao nakuja Rutamba, nimekonda. Kunigombeza utanigombeza, ila nikishakula.

Mwanao akupendaye,
Mfaume, fundi wa damu