Kidari Ulichokiita Damu

Wifi Mejumaa,

Salamu sikupi. Salamu ya maiti hutolewa kaburini, na siku ile sisi wanawake tulibaki ndani na vilio vyetu, waume ndio waliokwenda kukuzika. Kwa hivyo salamu yangu bado ninayo, na sina haraka nayo.

Nimekaa uani, makaa sijayatia, na nimeona bora nikuandikie kuliko kumwambia kaka yako, maana yeye kila nikifungua mdomo ananiambia, "Mama Sule, marehemu hasemwi." Haya. Sikusemi. Nakwambia wewe mwenyewe.

Nakwambia ulichoniachia.

Matanga yako yalipokwisha, kaka yako alikwenda Msambweni akarudi na mwanao Mishi na begi moja la nguo. Sote tunajua babake yuko Tanga na mke mwingine na simu yake haishiki. Kabla ya hapo, pale matangani, watu wa kwenu walitazamana, kisha wote wakanitazama mimi. Nikasema mtoto aje kwangu. Wala sikusema kwa ajili yako. Nilisema kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni viatu kavaa kinyume, cha kulia kushoto, na katika nyumba nzima iliyojaa watu wazima hakuna aliyemwona.

Basi akaletwa kwangu Ukunda. Siku hiyohiyo nikamchomea kidari, kizuri, kile ambacho ningemwekea mteja anayetoka mbali. Akaitazama sahani, akaisogeza kwa kidole kimoja, kwa adabu, kama anavyosogeza mtoto aliyefunzwa.

"Samahani, Mama Sule. Mama alisema kuku wa kwako ana damu."

Unasikia, Mejumaa? Umelala udongoni na bado unasema kwa mdomo wa mtoto.

Sijaisahau ile harusi ya huko kwenu Msambweni. Tulikuwa wanawake tumejaa ukumbini, na kuku nilikuwa nimechoma mimi, tangu alfajiri, macho yangu mekundu kwa moshi. Ukainuka na kidari changu mkononi. Ukakipasua kwa kucha mpaka mfupani, ukakiinua juu kama mtu aliyeokota kitu chooni. "Tazameni anachomlisha kaka yangu. Sisi huku damu tunaimwaga, hao wa kwao Jego sijui wanainywa." Wakacheka. Mama mmoja alikuwa ameshatia tonge mdomoni, akalitema kwenye leso yake mbele yangu. Sinia zangu zilirudi jikoni zimejaa, na inzi ndio waliokula harusi ile.

Tangu hapo nikawa Mama Damu. Jina lilipanda gari kutoka Msambweni likafika Ukunda kabla yangu. Vijana wa bodaboda wakifika kwenye jiko langu, "Mama Damu, nipe robo kidari, ila muulize kwanza kama amekwisha kufa." Nami nacheka nao, nifanye nini, nauza. Lakini nikigeuka kupuliza moto sikuwa nacheka.

Na ile haikuwa damu. Nilikwambia mara ngapi? Hawa kuku wa kisasa wanachinjwa wangali watoto, mifupa yao haijakomaa, ikipata moto inatoa wekundu kidogo pale nyama inaposhikana na mfupa. Kuku mwenyewe ameiva. Kaka yako alimwuliza hata ustadhi, na ustadhi akasema damu iliyokatazwa ni ile inayomwagika, si rangi iliyobaki mfupani. Ulijibu nini? "Ustadhi naye ameshakula kwa Mama Sule." Kwako hapakuwa na mtu asiyehongwa.

Kama ungeniuliza siku moja tu, ungeniuliza kwa uzuri, ningekufunza. Kidari ni nyama isiyo na mafuta ya kujitetea. Huku kimenenepa, huku kimekonda, ukikiweka motoni hivyohivyo upande mwembamba unakuwa ukuni na mnene bado unalia. Ndiyo maana nakifunika nailoni nakigonga kwa mchi mpaka kiwe sawa. Nakilaza kwenye maji ya chumvi tangu asubuhi, kisha kitunguu thomu, tangawizi na mtindi. Ndimu naitia mwisho, kwa sababu ikikaa inaipika nyama kabla ya moto na nyama inakuwa kama chaki. Makaa nayasukumia upande mmoja wa jiko. Kidari kinaanza juu ya makaa, kikishika rangi huku na huku nakihamishia upande usio na makaa, nakifunika sufuria kuukuu, kinamalizikia humo taratibu. Halafu nakitoboa pale penye unene. Mimi mwoga, Mejumaa, kuliko wewe ulivyokuwa. Nikiona maji hayajawa meupe nakirudisha, sijali nani anapiga kelele ana njaa. Yakiwa meupe nakitoa, nakilaza kwenye sinia kitulie kabla ya kisu, maana ukikikata papo hapo utamu wote unamwagika.

Wewe ulikuwa ukitupa kidari katikati ya moto ukienda zako kupiga soga. Ukirudi kimekuwa kumbi la nazi. Ukimimina ukwaju na pilipili juu yake watu wanadhani wanakula kuku, kumbe wanakula ukwaju. Na ulisema moto ndio unaotwahirisha. Nami najua ulikuwa unaogopa kweli, hilo sikunyimi. Ulikuwa unaogopa kumlisha mwanao najisi. Lakini hofu yako uliifanya fimbo, na ukanipiga nayo mimi.

Sasa sikiliza fimbo yako ilivyofika.

Kwanza Mishi alikataa kuku tu. Nikasema si neno, atakula samaki. Akakataa samaki, kwa sababu sufuria ile iliwahi kuwa na kuku. Kisha mchuzi wa maharagwe akaukataa, kwa sababu ya mwiko. Hana ujeuri, laiti angekuwa jeuri ningejua la kumfanya. Anasema, "Asante, Mama Sule," kisha anakaa na kipande cha mhogo wa kuchoma alioununua njiani na chai ya rangi. Nikawa nasugua vyungu mbele yake kwa mchanga na jivu, mbele yake makusudi, aone. Alikuwa anatazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa.

Nikimwogesha mbavu zinanipiga mkononi. Sketi ya shule nimeipunguza kiunoni, nikaipunguza tena. Mwalimu akaniita akaniambia mtoto anasinzia darasani, mna chakula nyumbani? Mimi. Mimi niliyelisha nusu ya Ukunda naulizwa kama nyumbani kwangu mna chakula. Nilirudi njia nzima nikikusema wewe peke yangu, watu wakanigeukia.

Usiku ule sikula na mimi. Kaka yako akasema, "Mwache, njaa itamfunza." Nikamwambia njaa haimfunzi mtoto, inamchukua. Naye akaisogeza sahani yake. Ni kaka yako lakini si mjinga.

Basi Alhamisi moja nikafanya usiloweza kuamini. Mishi alikuwa amekaa kwenye ndoo nyuma ya jiko, ametoka chuo cha Kurani, juzuu kaifunga kwenye mtandio. Nikachukua kidari kimoja. Sikukigonga wala sikukilaza kwenye chumvi. Nikakiweka katikati ya makaa, pale penye ghadhabu, nikakiacha. Mkono ulikuwa unakwenda kwenye koleo wenyewe, nikaushika kwa mkono wa pili. Kikatoa moshi. Kikakunjamana. Kijana mmoja wa bodaboda akapiga kelele, "Mama Damu, leo umelala? Nyama inaungua!" Nikamwambia ashughulike na pikipiki yake.

Nikakimwagia ukwaju. Nikampa mwanao, pale pale, aone nilivyokitoa motoni.

Alikinusa kwanza. Kisha akang'ata, akatafuna muda mrefu, maana kile kitu hakimezeki, unajua mwenyewe. Akala. Akala mpaka ile ncha iliyokuwa mkaa mtupu. Akasema, "Kama cha Mama."

Sikulia mbele yake. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikakutukana, matusi ambayo mama yangu angenipiga kofi kwayo akiwa hai. Kwa sababu ulinishinda, Mejumaa. Uliponiaibisha mbele ya halaiki sikukubali kukausha nyama. Wateja walipopungua sikukubali. Nikaja kukausha kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya watu wangu, kwa ajili ya mwanao, na nikashukuru Mungu kwa kila tonge lililopita kooni mwake.

Tangu siku ile kila jioni naharibu kidari kimoja. Wateja wanauliza kile cheusi cha nani. Nasema cha bibi mwenye jiko. Shavu limeanza kurudi. Ameanza kula na wali, kisha maharagwe. Vyungu sijui vimetwahirika lini, sikuuliza, nisije nikaamsha kitu.

Lakini kuku wangu hajamgusa. Na usinione mroho wa sifa. Ingekuwa ni nyama tu, angekula makumbi yako mpaka aolewe na mimi ningemchomea. Lakini mtoto anayelala chini ya paa langu akiamini mkono wangu ni najisi, huyo hajakaa kwangu. Amepita tu. Akiumwa kifua nikamkanda mafuta, atayaona mafuta yale vipi?

Jana nilikuwa nimetoa vidari vyangu, vimelala kwenye sinia vinatulia, na maji yake yamekusanyika pembeni, yale yenye thomu na mtindi. Mishi alikuwa na kile chake cheusi. Ukwaju ulikuwa umekwisha, kwa sababu ya wale wa hotelini waliochukua chupa nzima. Akatafuna, akakabwa, akanywa maji, akatafuna tena. Halafu nikaona mkono wake unakwenda kwenye sinia, na ile nyama kavu vidoleni.

Ningeweza kunyamaza. Usidhani sikufikiria. Achovye, ale, kisha baadaye nimwambie umekula kuku wa Mama Damu na hukufa. Wewe ungefanya hivyo. Lakini mtoto halishwi kwa kuviziwa, nikamshika mkono.

"Mishi, hayo ni maji ya kuku wangu."

Hakuutoa mkono. Akanitazama, na macho yale ni yako, hilo nalo umeniachia.

"Najua," akasema.

Akachovya. Akala. Akachovya tena upande wa pili, akafuta vidole vyake vyenye mafuta kwenye kanga yangu, bila ya kuniuliza, kama kanga ile ni ya nyumba nzima. Mteja alikuwa ananiita, "Mama, robo yangu vipi?" na mimi nimesimama na koleo sijui robo ni nini.

Basi ndiyo habari yako hiyo. Sikukuletea ili ufurahi.

Kaka yako ananiuliza kama nimekusamehe, anataka nitamke roho yako ipumzike. Nimemwambia ajishughulishe na dua yake. Mimi bado naiona ile leso na lile tonge. Pengine neno la msamaha litatoka siku moja lenyewe, pengine tutakutana huko nikiwa bado ninalo, na huko utanijibu.

Lakini ahadi nakupa moja, na mimi si mtu wa ahadi nyingi. Mishi akiniuliza mama yake alikuwaje, nitamwambia ulivyokuwa ukimsuka mafuta yakimchuruzika mpaka shingoni, ulivyomsomesha chuo kabla hajaweza kufunga kamba ya kiatu, na kwamba ulikuwa na sauti nzuri katika maulidi, maana ulikuwa nayo. Damu, harusi, Jego, hayo hatayasikia kutoka kwangu wala kutoka kwa mtu yeyote anayetaka kula kwenye jiko langu. Ubaya wako nitausema na wewe mwenyewe, hivi hivi, mimi na wewe, mpaka niishiwe.

Lala, Mejumaa. Mtoto nimemchukua.

Wifi yako,
Mama Sule