Wimbo wa Kabula kwa Sauti Nyingine

Jumatatu, 1 Julai
Nimefungua duka mapema. Vumbi la malori ya pamba limeshatanda juu ya spea. Nimeuza mnyororo wa pikipiki na plagi. Mchana nimerudi nyumbani kumpa Kabula dawa. Miguu bado imevimba. Uji kaacha nusu.

Simu yake ilikuwa inaimba tena. Wimbo wangu, kwa sauti ya mtu mwingine.

Nilimtungia Kabula wimbo huo nikiwa napiga gitaa kwenye bendi, yeye bado yuko kwao Binza, sijamuoa. “Njoo Kabula, njia nyeupe, taa nimewasha.” Wimbo wa kucheza. Bariadi hadi Maswa, harusi haikuisha bila kuupiga. Sasa Zuhura ameurudia, yule afisa kilimo aliyehamishiwa hapa kutoka Tanga. Gitaa moja tu, taratibu mno, kama mtu anapanda mlima na mzigo kichwani. Watu wanarushiana kwenye simu. Hakuniomba ruhusa.

Siupendi.

Jumatano, 3 Julai
Mwalimu mmoja kaja kununua tairi. Kaniuliza kama nimeusikia wimbo wa Zuhura. Nikamwambia ni wangu. Akacheka, akadhani natania. Nikamwimbia mstari wa kwanza, kwa mwendo wangu. “Kumbe!” akasema. “Lakini wa yule dada unaingia, mzee.”

Unaingia wapi, sikumuuliza. Nimekaa na hasira mpaka kufunga.

Alhamisi, 4 Julai
Kabula amekataa kwenda Mwanza.

Kesho ni siku yake ya kusafishwa damu. Figo zimekwisha, bila ile mashine hana maisha. Anajua. Anasema amechoka na basi, amechoka na sindano, anataka kulala kwake. Nimempigia Shija, mtoto wetu, yuko kazini Dodoma. Amelia kwenye simu, mwanaume mzima. Nimemwambia Kabula utapona, twende. Kageukia ukutani, kawasha wimbo.

Nimeuzima mimi. Nadhani ni huo wimbo. Unamzoesha kufa.

Ijumaa, 5 Julai
Basi la Mwanza limeondoka bila sisi.

Nimekwenda ofisini kwa Zuhura. Binti mwembamba, kajifunga ushungi wa kijani. Akasimama, “Shikamoo, baba.” Sikuitikia. Nilisema nilichokwenda kusema: wimbo ni wangu, mke wangu anaumwa, na wewe unamwimbia msiba ndani ya nyumba yangu. Ufute.

Nilidhani atabisha. Aliniambia mama yake alifia Tanga yeye akiwa njiani kwenda kumuuguza. Basi liliharibika Singida. Simu ya msiba ilimkuta pale, amekaa kwenye kiti, abiria wamelala. Huko nyuma alikuwa ameusikia wimbo wangu kwenye harusi ya mtu wa ofisini. Ndio uliomjia.

“Nilikuwa namwita mama, baba. Sikujua kama nitakuumiza.”

Akaufuta mbele yangu. 

Nimetoka bila kuaga. Nilitegemea nitajisikia vizuri.

Jumamosi, 6 Julai
Kabula ameutafuta wimbo asubuhi, hakuupata. Kanitazama akajua.

“Umemfanya nini mtoto wa watu?”

Nikamweleza. Nikasema ule wimbo unamtoa roho, kwamba tangu aanze kuusikiliza hataki hata kula. Akaniacha nimalize. Halafu akaongea, na kuongea siku hizi kunamchosha.

“Baba Shija, wewe uliimba huku unajua nitakuja. Gari la kunichukua ulikuwa umeshaliazima. Huyu binti anaita na hajui kama ataitikiwa. Mimi nipo huko sasa. Humu ndani wote mnaniambia nitapona. Yeye peke yake ndiye haniambii hivyo.”

Nimetoka nje. Nimekaa kwenye tofali nyuma ya choo, nimelia mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini.

Jumapili, 7 Julai
Sikwenda kanisani. Nimekwenda anakopanga Zuhura. Alikuwa anafua. Nimemwomba radhi pale pale kwenye beseni. Nimemwambia mama anakuita. Alijifuta mikono akanifuata bila hata kuuliza.

Kabula alimpokea kwa Kisukuma, “Mwadila, mayu,” kama anavyomsalimia binti wa ukoo. Zuhura hakuelewa, akaitikia “Shikamoo, mama.” Wakacheka wote wawili. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho cha Kabula muda mrefu.

Kabula akaagiza nishushe gitaa. Nimeshusha. Nyuzi zilikuwa zimelegea. Aibu yangu ni hii: nilishindwa. Vidole vinakimbia. Zuhura anafika katikati ya mstari, mimi nimeshamaliza. Mara ya kwanza, ya pili. Kabula kwenye mkeka anasema, “Mngoje mwenzio.” Nikafumba macho, nikawa nasikiliza anavyovuta pumzi, nikapiga anapopumua tu. Hapo tukaenda sawa.

Nimekiona alichokifanya. Kwenye “taa nimewasha” mimi niliruka juu, gitaa linachekelea. Yeye anashuka, halafu ananyamaza. Mahali hapo pamekuwa patupu, na vyombo vyote vya bendi yangu havikuwahi kupajaza hivyo. Maneno niliyatunga mimi. Miaka yote nimeyaimba bila kujua yanaweza kusema hivi.

Wimbo wake ni mzuri kuliko wangu. Nimeandika.

Jumatatu, 8 Julai
Kabula kasema atakwenda Mwanza. “Lakini usiniambie tena nitapona.” Nimekubali. Tumepanda basi la asubuhi. Njia nzima hatukudanganyana. Tumeongea habari za Shija, za ng'ombe wa baba yake, na nani atunze kuku.

Zuhura amerudisha wimbo mtandaoni. Nilimwomba mimi.

Ijumaa, 26 Julai
Kabula amefariki. Asubuhi, nyumbani, si kwenye basi. Nilikuwa nimemshika. Siwezi kuandika.

Jumatatu, 29 Julai
Tumemzika Binza, kwao, kama alivyotaka. Watu wengi. Shija ndiye aliyeshughulika na kila kitu, mimi niliwekwa kwenye kiti.

Mwalimu wa kwaya hakutaka wimbo wa dunia makaburini. Mama mkwe akasimama, mzee yule, akasema, “Marehemu ni mwanangu na ndivyo alivyosema.” Basi. Zuhura aliimba. Mimi nilipiga. Sikukimbia. Nilijaribu kuimba naye mstari wa mwisho, nikashindwa, akamaliza peke yake. Wanawake walilia kwa sauti. Baadhi yao walikuwa wameucheza huo huo kwenye harusi yetu.

Shija kaniambia baadaye hakuwahi kujua kwamba ni wimbo mmoja.

Jumatano, 14 Agosti
Nimefungua duka leo. Mara ya kwanza. Shija amerudi Dodoma jana.

Hakuna wateja wengi. Upepo, vumbi. Adhuhuri imepaki pikipiki moja mbele ya duka, dereva simjui kwa sura, anasema anatokea Maswa. Redio yake ndogo ilikuwa inaimba. Zuhura. Amekaa juu ya pikipiki anasubiri nimtafutie kebo, anausikiliza, kichwa chini. Nimeipata kebo mapema. Nikasimama nayo mkononi ndani mpaka wimbo ukaisha.

Nilipompa akaniuliza kama namfahamu mwenye wimbo huo.

Nikamwambia ni wa mke wangu.

Akasema mke wangu anaimba vizuri. Nikasema asante. Akafunga kebo, akawasha pikipiki, akaenda.