Kichupa cha Kwenye Friza

Bangwe, Kigoma
14 Machi 1998

Dada Melania,

Shikamoo. Natumaini wewe na wenzako wa zahanati ya kambi ya Mtabila hamjambo, na mvua haijang'oa tena turubai lenu. Huku tu wazima. Mama anakohoa, ila akitaka kugomba kikohozi humpisha.

Mimi bado mlinzi wa ile maabara ya utafiti, lakini dada, naogopa. Geti likigongwa tu, nadhani wamekuja kunichukua.

Mwezi uliopita Daktari Agnesi aliletewa kichupa kidogo kuliko kidole cha mtoto. Unajua siwezi kupita kitu bila kukiuliza. Akasema ndani mna kimeng'enya cha binadamu, kazi yake kukata protini, ila hakikutolewa kwa mtu. Vijidudu vimepewa maelekezo ya mwili wetu, navyo vinakitengeneza. Yeye anatafuta dawa ya kukizuia. Akaonya kwamba kikipata joto hujikata chenyewe hadi kife. Nikamwambia nina shemeji wa namna hiyo.

Wiki iliyopita alikipima, akakuta kimekufa. Mkuu wa maabara akasema jenereta ilizimwa ili dizeli iuzwe. Anayeitunza ni Feliksi Ndikumana, Mrundi mmoja mpole. Aliapa kwa Mungu na kwa mtoto aliye tumboni mwa mkewe, hakusikilizwa. Kibali chake cha kukaa mjini kimechukuliwa, ameamriwa arudi huko kambini kwenu, na mkuu ameandika kwamba ni mwizi. Watu wanasema wa namna hiyo hurudishwa Burundi, na huko ndiko alikouawa baba yake. Aliponiaga alisema, Mzee Telesphory, nilikimbia bunduki, nimekuja kupigwa na kitu hata hakionekani. Akacheka. Nami nikacheka naye, Mungu anisamehe.

Dada, jenereta haikuzimika hata dakika moja. Jumapili moja kabla ya kile kipimo wakwe zangu walikuwa wanakuja, na mkwe halishwi dagaa. Nikanunua migebuka minne, samaki wa heshima, sokoni Kibirizi, na kwa kuwa funguo za Jumapili ninazo mimi, nikaitia kwenye friza la maabara. Haikuenea. Nikatoa kisanduku chenye kichupa, nikakiweka dirishani, kwenye jua, nikakisahau hadi alasiri. Kisha nikakirudisha kimyakimya. Wakwe walikula wakisifu, nami nikiwatazama nione nani ataanza kuyeyuka.

Mara tatu nimekwenda kwa mkuu kusema. Mara tatu nimeishia kumuuliza kama geti lifungwe. Nina watoto watano, na mdomo wangu ni mwoga kuliko mkono.

Basi mkono umeandika. Barua hii ifikishe kwa mkuu wa kambi leo hii, kabla karatasi za huku hazijamfikia. Nimetia sahihi na dole gumba pia, nisije nikakana.

Nisalimie wote wanaonikumbuka kwa wema, maana watapungua.

Aliyekuletea barua hii, huyo aliyesimama mlangoni, ndiye Feliksi. Hajui kusoma. Mpe kiti kwanza, kisha umsomee yote.

Mdogo wako,
Telesphory